Barua ya wazi kwa wasimamizi wa ardhi Mwanza: mnunuzi apewe taarifa kabla hajatoa fedha

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi. Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Mwanza. Wakurugenzi wa Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela. Na ninyi wenyeviti wa mitaa mliochaguliwa Novemba 2024.

Waheshimiwa, nawasalimu kwa heshima.

Nina steshenari ndogo kando ya barabara ya Musoma, upande wa Igoma. Natoa fotokopi, napiga picha za pasipoti, nachapa barua za maombi ya kazi, lakini kinachojaza benchi langu ni mikataba: ya mauziano ya viwanja, ya mauziano ya nyumba, ya upangaji. Watu hufika wakiwa wameshakubaliana bei. Mmoja ana fedha kwenye bahasha ya kaki, mwingine ana karatasi iliyokunjwa mara nne, na dalali amesimama mlangoni akisema tufanye haraka. Mimi si mwanasheria. Ila karatasi hizi napishana nazo mara mbili: siku zinapoandikwa, na siku zinaporudi kutolewa nakala kwa ajili ya Baraza la Ardhi na Nyumba. Kati ya siku hizo mbili kuna machozi mengi ambayo yangeweza kuzuiwa kwa kazi ndogo ya ofisini.

Ombi langu ni kwamba mtu wa kawaida anayenunua au kupanga Mwanza awe na mahali pa kuuliza, karibu na kwa gharama anayoimudu, kabla fedha haijatoka mfukoni mwake. Leo anauliza baada ya kulipa, na anayemjibu ni baraza.

Niwaeleze mkataba wa huku pembezoni ulivyo. Kwenye mipaka tunaandika hivi: kaskazini anapakana na mjane wa fundi baiskeli, kusini kichochoro, mashariki jiwe kubwa, magharibi mwembe. Ukubwa ni hatua 20 kwa 25. Hatua za nani, za mrefu au za mfupi, haiandikwi. Mjane akihamia kwa mwanawe, mwembe ukikatwa, jiwe likipasuliwa kokoto, mpaka umekwenda nao. Katika mji wa mawe kama wetu, ambako kupasua mawe ni ajira ya familia nyingi kuanzia Mabatini hadi Kishili, jiwe si bikoni, yaani alama ya mpaka inayowekwa na mpimaji. Wateja nawaambia hivyo, wananijibu kwamba mpimaji ni ghali na kwamba jirani naye aliandikiwa hivyohivyo.

Mama mmoja mchuuzi wa dagaa alinunua kiwanja kwa mkataba wenye mashahidi wanne, dole gumba la muuzaji na muhuri wa ofisi ya mtaa. Alipopeleka matofali akakuta mtu ameshachimba msingi. Huyo naye alikuwa na mkataba wenye muhuri wa ofisi hiyohiyo, uliosainiwa na mwenyekiti aliyetangulia. Hakuna muhuri ulioghushiwa. Mwenyekiti mpya hakuwa na pa kutazama. Mtangulizi wake aliondoka na kumbukumbu zote kichwani mwake, na kama daftari lilikuwapo, halikukabidhiwa. Muuzaji alikuwa ameshahama. Katika mgogoro wa namna hii aliyetangulia kununua ndiye mwenye nguvu, kwa kuwa muuzaji aliyekwisha kuuza hana tena cha kumuuzia mwingine. Mama akabaki na karatasi safi kabisa, yenye kila saini inayotakiwa, isiyompa hata robo ya hatua.

Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi. Wananchi wametii. Njooni mkae nami Jumamosi moja muone wanavyotii: wanakuja na wazee, wanakuja na majirani, wanasoma kila mstari kwa sauti, wanabishana juu ya herufi moja ya jina. Lakini maandishi hayo huishia kwenye masanduku ya watu wawili. Wa tatu atakayeletwa na dalali mwakani hana njia ya kujua kwamba yapo.

Kwa hiyo naomba daftari. Sisemi daftari la shule lenye kona zilizoliwa na panya. Nasema kitabu kinachochapwa na halmashauri, chenye kurasa zenye namba, kila ukurasa na nakala mbili za kunyofoa. Mauziano yoyote ya eneo lisilopimwa yaandikwe humo kabla muhuri haujagonga karatasi: jina na namba ya kitambulisho cha Taifa (NIDA) ya muuzaji na ya mnunuzi, namna muuzaji alivyolipata eneo, majirani wa pande zote na saini zao, na majira ya eneo, yaani namba za GPS, yaliyosomwa kwa simu ukiwa umesimama kwenye kila kona. Simu za siku hizi zinasoma majira ya mahali. Hazifikii kifaa cha mpimaji, lakini zinatosha kuonyesha kwamba kiwanja cha leo ndicho kilekile kilichouzwa miaka mitano iliyopita. Nakala moja iende kata, nyingine iende idara ya ardhi ya halmashauri. Mwenyekiti akimaliza muda wake, kitabu kikabidhiwe kwa saini mbele ya mtendaji wa mtaa, kama muhuri unavyokabidhiwa. Na mwananchi yeyote aruhusiwe kukisoma kwa ada ndogo inayotolewa risiti.

Pamoja na daftari, naomba tangazo. Kila eneo linalouzwa libandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa siku 14 kabla ya muhuri, likitaja jina la muuzaji na mipaka. Najua madalali watapinga, na najua si wote wanaopinga wana nia mbaya. Mtu mwenye mgonjwa wodini katika hospitali ya Bugando hawezi kungoja wiki mbili. Basi ziwe siku 7, lakini ziwepo. Katika wiki hiyo shangazi aliyeko Magu atapigiwa simu, mke aliyekwenda Ukerewe kwenye msiba atarudi, na mnunuzi wa kwanza ambaye bado hajajenga atajitokeza na karatasi yake. Haraka ndiyo mlango ambao matapeli wote niliowaona wamepitia.

Hapa lazima niseme juu ya asilimia 10. Katika mitaa mingi mnunuzi huambiwa atoe asilimia 10 ya bei ndipo muhuri ugongwe. Wakati mwingine huitwa mchango wa maendeleo, wakati mwingine haiitwi kitu, inatolewa tu bila risiti. Wenyeviti, nazungumza nanyi kwa heshima kwa sababu najua posho zenu ni ndogo na nyumba zenu hazifungwi mchana wala usiku. Lakini fedha hiyo inawaweka pabaya. Anayelipwa kwa kila uuzaji hawezi kuwa ndiye anayetegemewa kuuzuia uuzaji mbaya. Na mnunuzi anayekimbia asilimia 10 huandika bei ya uongo kwenye mkataba, kisha siku ya kesi anadai milioni 8 akiwa na karatasi inayosema milioni 3. Halmashauri iweke ada moja ya daftari, ndogo, inayolipwa kwa namba ya malipo ya Serikali, na sehemu yake irudi mtaani kihalali.

Kwa maeneo yaliyopimwa hali ni nafuu. Mwenye hati anajulikana, na mnunuzi anaweza kuomba upekuzi kwa Msajili wa Hati aone jina la mmiliki, aone kama kuna rehani ya benki au zuio lililowekwa na mtu anayedai haki. Tatizo ni kwamba wengi hawajui kuwa upekuzi upo. Nimechapa mikataba ya nyumba za mamilioni mengi ambapo mnunuzi alitosheka kuonyeshwa fotokopi ya hati. Jambo hili halihitaji sheria mpya. Linahitaji bango kwenye kila ofisi ya kata, lenye hatua za kufuata na ada zake, na kijana mmoja wa kumsaidia asiyejua kutumia mtandao.

Hati nyingi nazo zina jina la mtu ambaye hayupo tena kwenye mnyororo. Wa kwanza alimuuzia wa pili kwa mkataba wa kawaida, wa pili akamuuzia wa tatu, na hati bado ni ya wa kwanza. Sababu ni gharama za uhamisho: tathmini, kodi ya asilimia 10 ya faida aliyoipata muuzaji, ushuru wa stempu wa asilimia 1, na malimbikizo ya kodi ya pango la ardhi ambayo hayakulipwa tangu hati ilipotoka. Kwa mtu aliyejikusanyia kidogo kidogo kutokana na sangara au dhahabu ya Geita, kuyakuta hayo yote siku moja ni sawa na kununua mara ya pili. Naomba Wizara na Mamlaka ya Mapato mkae pamoja muweke kipindi cha msamaha kwa mnyororo wa zamani, ili majina yaliyo kwenye daftari la hati yawe ya watu wanaoishi ndani ya nyumba hizo. Serikali itapata kodi ya pango kila mwaka kutoka kwa watu halisi. Sasa inamdai marehemu.

Na marehemu ni wengi. Kaka mkubwa anakuja kuuza kiwanja cha baba, ana cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo, anaamini vinatosha. Havitoshi. Mpaka mahakama imteue kuwa msimamizi wa mirathi, hana mamlaka ya kuuza, na mnunuzi anajiingiza kwenye ugomvi wa familia isiyo yake. Vivyo hivyo kwa nyumba ya ndoa: Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inakataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Nimewahi kukataa kuchapa mkataba kwa sababu mke hakuwapo, na jamaa akatoka akaenda duka la pili. Ndiyo maana naomba fomu rasmi ya mauziano, moja kwa mkoa mzima, yenye nafasi ya saini na picha ya mwenza, na nafasi ya namba ya shauri la mirathi pale mmiliki alipofariki. Fomu isiyojazwa nafasi hizo isigongwe muhuri. Mimi na wenzangu wa madukani hatuna nguvu ya kumkatalia mtu, fomu inayo.

Kuna taarifa nyingine mnayo ninyi peke yenu, nayo ni michoro ya mipango miji. Mtu ananunua Buhongwa au Nyamhongolo, anajenga, kisha anakuja afisa na mchoro unaoonyesha kwamba pale ni barabara, au shule, au eneo la wazi. Mchoro huo ulikuwapo kabatini wakati anachimba msingi. Bei za Usagara na Buhongwa zimechangamka tangu Daraja la Kigongo–Busisi lizinduliwe Juni 2025, na reli ya kisasa ya Mwanza hadi Isaka inaleta maneno mengi ya fidia na upepo mwingi wa dalali. Kadiri bei inavyopanda ndivyo gharama ya kutojua inavyopanda. Bandikeni michoro kwenye ofisi za mitaa. Iwe mikubwa, yenye rangi, yenye majina ya vichochoro tunayoyatumia sisi. Hii ni kazi ya wiki chache na gharama yake ni karatasi.

Ufukweni ndiko kunakonitia hofu zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye ukingo wa ziwa. Viwanja vya ndani ya mita hizo vinauzwa kila siku, kuanzia Igombe na Kayenze hadi upande wa Luchelele, na vinauzwa ghali kwa sababu ya upepo na mandhari. Mwaka 2020 ziwa lilipanda likavunja rekodi iliyokuwa imesimama tangu 1964, na mwaka 2024 likapanda tena kuliko hapo. Waliokuwa na nyumba karibu na maji waliona maji yakiingia jikoni. Hawakuwa na wa kumdai, kwa sababu walinunua mahali ambapo sheria ilikuwa inawakataza kujenga tangu mwanzo, na hakuna aliyewaambia. Wekeni vigingi vyenye rangi kwenye mstari wa mita 60, mtaa kwa mtaa. Mnunuzi akiona kigingi kiko nyuma ya kiwanja anachoonyeshwa, ameshapata jibu.

Sasa wapangaji, ambao ni nusu ya maisha ya mji huu na hawana hata daftari la kuombea.

Sheria ya zamani ya udhibiti wa kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kinachomlinda mpangaji ni vifungu vya upangaji ndani ya Sheria ya Ardhi, ambavyo yeye na mwenye nyumba wake hawajawahi kuvisoma. Kijana anayeanza kazi anatakiwa kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, mahali pengine mwaka mzima, na juu yake mwezi mmoja wa dalali. Kwa chumba cha shilingi 50,000 kwa mwezi, hizo ni 350,000 kabla hajanunua godoro. Wengine wamelipa dalali ada ya kuonyeshwa chumba ambacho dalali hana ruhusa ya kukipangisha. Suala la kodi ya miezi mingi limesemwa na viongozi kwa miaka, na wananchi wamelisikia likisemwa. Tunaomba sasa liandikwe.

Msinielewe kwamba nawasemea wapangaji peke yao. Mwenye nyumba wa Nyakato ambaye amestaafu, ana vyumba vitano na hana kingine, anaomba miezi 6 kwa sababu ameshawahi kuachiwa chumba chenye deni la maji la miezi na mlango uliovunjwa. Anastahili kulindwa. Anachohitaji ni dhamana ndogo iliyoandikwa, orodha ya vitu vilivyomo chumbani yenye saini ya wote wawili, na njia ya haraka ya kumtoa asiyelipa kwa kufuata notisi, ili asishawishike kung'oa mlango au kuezua bati. Mwenye nyumba anayeezua bati anavunja sheria. Naye amefika hapo kwa sababu njia ya halali ni ndefu na haijui.

Halafu kuna LUKU, umeme unaonunuliwa kabla ya kutumiwa. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye umeme, na tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida inakatwa shilingi 1,500 kwa mwezi. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Kwa mwaka ni shilingi 18,000, na kwenye mikataba ninayochapa haitajwi kabisa isipokuwa mpangaji mwenyewe awe ameuliza. Fomu rasmi ya upangaji iwe na mstari mmoja tu unaosema makato hayo yanapunguzwa kwenye kodi ya nyumba. Mstari huo utamaliza ugomvi wa nyumba nyingi.

Mwisho wa yote ni baraza. Mabadiliko ya sheria ya 2021 yaliliondolea Baraza la Kata mamlaka ya kuamua mashauri ya ardhi. Linasuluhisha tu, ndani ya siku 30, na likishindwa linatoa cheti ili mlalamikaji aende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Wananchi wengi hawajaambiwa. Wanakaa kata miezi wakingoja hukumu ambayo haiwezi kutoka, huku mwenzao anaendelea kupandisha ukuta. Makatibu wa mabaraza ya kata waagizwe kumweleza kila anayefika, siku ya kwanza, kwamba wao ni wasuluhishi, na siku ya 30 wampe cheti chake bila kuombwa.

Waheshimiwa, halmashauri zenu zina vikao vya bajeti kila mwaka, na daftari ninaloliomba lina gharama ya kuchapisha vitabu kwa mitaa ya Nyamagana na Ilemela. Anzeni na kata chache zinazokua kwa kasi: Buhongwa, Kishili, Igoma, Sangabuye, Kayenze. Fomu za mauziano na za upangaji ziandaliwe na wanasheria wenu kwa Kiswahili kinachosomeka, zigawiwe kwenye steshenari kama yangu, nasi tutazichapa kama zilivyo. Jibu lenu, likiwa ndiyo au hapana, tunaomba libandikwe kwenye mbao za matangazo za mitaa, likieleza nani atasimamia na kuanzia lini.

Wenu katika ujenzi wa mji,

Mchapaji wa mikataba
Igoma, Mwanza